Denis Pritt: Wakili aliyesimama na Kenyatta, Nyerere mahakamani

MWEZI Julai 1958, watu walifurika nje ya Mahakama ya Hakimu Mkazi mjini Dar es Salaam, kila mmoja akitaka kumwona Rais wa chama cha TANU, Julius Kambarage Nyerere, akipandishwa kizimbani kujibu shitaka la kashfa dhidi ya maofisa wa serikali ya kikoloni.

Mshtakiwa alifahamika kwa kila aliyekuwapo. Aliyekuwa mgeni machoni mwa wengi ni mzee mmoja wa Kiingereza, mwenye umri wa miaka 70, aliyesimama upande wa utetezi. Mzee huyo alikuwa ametoka London kuja kumtetea Mwafrika dhidi ya serikali ya Malkia, mbele ya hakimu aliyeteuliwa na serikali hiyo hiyo.

Jina lake ni Denis Nowell Pritt. Miaka mitano kabla ya hapo, alikuwa amefanya kazi kama hiyo katika kijiji cha mbali kaskazini magharibi mwa Kenya, ambako Jomo Kenyatta na wenzake watano walishtakiwa kwa kuendesha Mau Mau.

Hivi leo, wakazi wa Nairobi hupita kila siku katika Barabara ya Denis Pritt, eneo la Kilimani, na wengi wao huenda hawajui kuwa jina hilo ni la wakili wa jinai aliyekodiwa kutoka ng'ambo wakati ambapo Mwafrika aliyekabiliwa na serikali alikuwa na watu wachache mno wa kumsemea mahakamani.

Historia ya maisha yake ni historia ya swali ambalo kila mshtakiwa hukabiliana nalo siku anapokamatwa: nani atasimama upande wangu? Katika kulijibu swali hilo, Pritt hakuwa peke yake. Popote alipokwenda, nyuma yake walikuwapo mawakili wa mahali hapo, ambao majina yao yamesahaulika upesi zaidi, lakini bila wao asingeweza hata kuufikia mlango wa mahakama.

Mtoto wa mfanyabiashara

Pritt alizaliwa Septemba 22, 1887 huko Harlesden, kaskazini magharibi mwa London, akiwa mtoto wa mfanyabiashara wa vyuma. Alisoma katika shule ya Winchester, moja ya shule kongwe na za watu wenye nafasi nchini Uingereza, na baadaye Chuo Kikuu cha London.

Mwaka 1909 aliandikishwa kuwa wakili kupitia chama cha mawakili cha Middle Temple. Katika miaka yake ya mwanzo hakuwa mtetezi wa wanyonge. Alijijengea jina katika kesi za biashara, zilizomletea kipato kizuri, na mwaka 1927 alipandishwa hadhi kuwa Wakili wa Mfalme, daraja la juu kabisa la mawakili wa Uingereza.

Katika siasa alihama hatua kwa hatua. Alianza akiwa mfuasi wa chama cha Conservative, akapitia Liberal, kisha akajiunga na Labour mwishoni mwa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Safari hiyo ndiyo iliyompa jina la kitabu cha kwanza cha kumbukumbu zake, kilichotoka mwaka 1965, kikieleza jinsi alivyotoka mrengo wa kulia hadi wa kushoto.

Kilichomwingiza katika masuala ya makoloni ni Baraza la Faragha la London, ambalo wakati huo lilikuwa mahakama ya mwisho ya rufaa kwa himaya yote ya Uingereza. Mtu aliyehukumiwa Lahore au Hong Kong, kama alikuwa na uwezo wa kukata rufaa hadi mwisho, kesi yake ilifika mbele ya wazee wachache wa sheria mjini London. Mawakili wa makoloni walihitaji mtu wa kuwawakilisha huko, na Pritt akawa mmoja wa waliotafutwa sana.

Mapema mwaka 1931 alisimama mbele ya Baraza hilo kwa niaba ya Bhagat Singh, kijana wa Kihindi aliyehukumiwa kifo katika harakati za kupinga utawala wa Kiingereza. Ombi hilo lilikataliwa, na Bhagat Singh akanyongwa Machi mwaka huo.

Mgonjwa wa Hong Kong

Miezi michache baadaye lilikuja shauri jingine. Juni 1931 polisi wa Hong Kong walimkamata mwanamapinduzi wa Vietnam, aliyekuwa akitumia majina mengi na ambaye baadaye dunia ilimfahamu kwa jina la Ho Chi Minh. Serikali ya Hong Kong ilitaka kumfukuza na kumpakia katika meli itakayomfikisha mikononi mwa Wafaransa, ambao tayari walikuwa wamemhukumu kifo bila yeye kuwapo mahakamani.

Aliyekodiwa kumtetea alikuwa Frank Loseby, wakili Mwingereza aliyekuwa na ofisi yake Hong Kong. Loseby alizifahamu mahakama za koloni hilo, akajua ni ombi gani la kufungua, na mapema kiasi gani, ili meli isiondoke na mteja wake. Aliposhindwa katika mahakama za Hong Kong, hakukubali yaishie hapo. Alikata rufaa London, ambako Pritt ndiye aliyelibeba shauri.

Kesi hiyo haikufikia hukumu. Mwaka 1932 Pritt na wakili wa upande wa serikali, Stafford Cripps, walifikia makubaliano kwamba mfungwa huyo aondoke Hong Kong bila kukabidhiwa kwa Wafaransa. Mapema mwaka 1933 Ho Chi Minh alitoka salama, na miaka 12 baadaye akatangaza uhuru wa nchi yake.

Somo lililopatikana Hong Kong ndilo lililojirudia katika maisha yote ya Pritt. Wakili wa karibu ndiye anayemwokoa mshtakiwa katika saa za kwanza, kabla ushahidi haujapotea na kabla hajasafirishwa. Wakili wa mbali, hata awe gwiji wa namna gani, huja kumalizia kazi ambayo mwenzake ameianza.

Doa la Moscow

Mwaka 1933, wanasheria wa nchi mbalimbali walipokutana London kuchunguza moto ulioteketeza jengo la Bunge la Ujerumani, Pritt ndiye aliyeongoza tume yao. Tume hiyo ilihitimisha kwamba wakomunisti walioshtakiwa na serikali ya Hitler hawakuhusika. Sifa zake kama mtetezi wa haki zikavuka mipaka ya Uingereza, na mwaka 1935 akachaguliwa kuwa Mbunge wa Hammersmith Kaskazini kwa tiketi ya Labour.

Lakini mwaka uliofuata alifanya jambo ambalo limelifuata jina lake hadi leo. Agosti 1936 alikwenda Moscow kuhudhuria kesi ya Zinoviev, Kamenev na wenzao 14, waliotuhumiwa na serikali ya Stalin kwa njama za mauaji. Washtakiwa wote 16 hawakuwa na mawakili, walikiri makosa, na wote wakapigwa risasi. Pritt alirudi London na kuandika kijitabu akieleza kuwa kesi hiyo iliendeshwa kwa haki.

Haikuwa hivyo. Maungamo hayo yalipatikana kwa mateso na vitisho, na mwaka 1988 Umoja wa Kisovieti wenyewe uliwasafisha wahukumiwa hao. Ni vigumu kuelewa jinsi mwanasheria aliyekuwa mwepesi kuona hila katika mahakama za himaya yake alivyoshindwa kuiona hila iliyokuwa mbele ya macho yake mjini Moscow, mahali ambapo hapakuwa na hata wakili mmoja wa utetezi.

Pritt hakuwahi kubadili msimamo wake kuhusu Umoja wa Kisovieti. Mwaka 1940 chama cha Labour kilimfukuza kwa kuunga mkono uvamizi wa nchi hiyo dhidi ya Finland. Wapiga kura wake hawakumtupa. Mwaka 1945 alishinda tena akiwa mgombea huru, na aliendelea kuwa mbunge hadi aliposhindwa mwaka 1950.

Kwa hiyo, Afrika Mashariki ilipomhitaji, alikuwa mtu asiye na chama, asiye na kiti bungeni, na asiyependwa na wakubwa wa London. Kwa wateja wake hilo halikuwa kasoro. Walichohitaji ni mtu asiye na cha kupoteza mbele ya Gavana.

Kapenguria

Usiku wa Oktoba 20, 1952, Gavana wa Kenya, Sir Evelyn Baring, alitia saini tangazo la hali ya hatari. Kabla ya mapambazuko, Jomo Kenyatta na viongozi wengine wengi wa chama cha KAU walikuwa wamekamatwa. Watu sita wakatengwa kwa ajili ya kushtakiwa: Kenyatta, Bildad Kaggia, Fred Kubai, Paul Ngei, Achieng Oneko na Kung'u Karumba.

Serikali haikutaka kesi hiyo isikilizwe Nairobi, ambako umati ungejaa mahakamani. Iliichagua Kapenguria, makao ya utawala ya wilaya ya Pokot Magharibi, yapata kilomita 40 kutoka mji wa Kitale. Ili mahakama ya huko ipate mamlaka juu yao, washtakiwa walisafirishwa hadi Kapenguria, wakaachiwa kwa sekunde chache za kisheria, kisha wakakamatwa upya wakiwa juu ya ardhi hiyo.

Hapakuwa na jengo la mahakama linalofaa, hivyo shule ikageuzwa mahakama. Eneo lenyewe lilikuwa limefungwa. Hakuna aliyeingia bila kibali, na mawakili hawakusamehewa sharti hilo.

Katika mazingira hayo, kutafuta wakili hakukuwa jambo la kubisha hodi katika ofisi yoyote. Mawakili wengi Wazungu wa Nairobi hawangeigusa kesi ya Mau Mau. Kenya nzima ilikuwa na mwanasheria mmoja tu Mwafrika, Argwings-Kodhek, aliyekuwa ndiyo kwanza amerejea kutoka masomoni Uingereza. Waliobaki ni mawakili wa Kiasia, na ni hao waliojitokeza mwanzo.

Wa kwanza kati yao alikuwa Achhroo Ram Kapila, mtaalamu wa kesi za jinai mjini Nairobi. Pamoja naye walikuwapo Jaswant Singh na kijana Fitz de Souza, Mgoa aliyekuwa amemaliza masomo ya sheria karibuni. Kutoka Moshi, Tanganyika, akaja Dudley Thompson, Mjamaika aliyewahi kuwa rubani wa kivita na ambaye alikuwa na ofisi ya uwakili chini ya Mlima Kilimanjaro.

India ilimtuma Diwan Chaman Lall, mbunge na rafiki wa Waziri Mkuu Nehru. Kutoka Nigeria akaja H. O. Davies. Na kutoka London, marafiki wa Kenyatta walimwomba Pritt awe kiongozi wa jopo hilo. Alikuwa na umri wa miaka 65.

Lilikuwa jopo la aina yake: Mwingereza, Wahindi, Mgoa, Mjamaika na Mnigeria, wote wakiwatetea Wakenya sita. Lakini lilipofika Kitale, mji wa walowezi, ubaguzi wa rangi uliligawa mara moja. Pritt aliweza kupata chumba katika hoteli ya Wazungu. Wenzake hawakuruhusiwa kulala humo, wakapokelewa na familia za Kiasia. Majadiliano ya usiku, ambayo ndiyo nguzo ya utetezi wowote, yalibidi yapangwe kwa kuzingatia nani anaruhusiwa kuingia wapi.

Asubuhi walisafiri kwa magari katika barabara ya vumbi hadi Kapenguria, na jioni wakarudi. Ruhusa ya kuzungumza na wateja wao ilikuwa ya kubanwa, vitabu vya sheria vilikuwa mbali Nairobi, na mashahidi wa utetezi walikuwa wametawanyika, wengine wakiwa kizuizini.

Hakimu na shahidi

Aliyepewa kesi hiyo ni Ransley Thacker, jaji mstaafu wa Mahakama Kuu ya Kenya, aliyerudishwa kazini kama hakimu kwa ajili ya shauri hilo pekee. Hapakuwa na wazee wa baraza wala jopo la wananchi. Uamuzi wote ulikuwa mikononi mwake. Wanahistoria wameandika kwamba alilipwa pauni 20,000 kutoka mfuko wa serikali, fedha nyingi kupindukia kwa wakati huo.

Kesi ilianza kusikilizwa Desemba 3, 1952. Mwendesha mashtaka, Anthony Somerhough, alimleta shahidi wake mkuu mapema. Huyo alikuwa Rawson Macharia, aliyedai kumwona Kenyatta akiwalisha watu kiapo cha Mau Mau mwezi Machi 1950, yaani kabla chama hicho hakijapigwa marufuku mwezi Agosti mwaka huo.

Mbinu ya Pritt haikuwa ya kupayuka. Alimkabili kila shahidi kwa maswali mafupi mafupi, akimrudisha kwenye tarehe, saa, chumba, na nani aliketi wapi. Hapo ndipo mchango wa mawakili wa Kenya ulipoonekana. Pritt hakujua Kikuyu wala Kiswahili, hakujua mila za kiapo, hakujua nani ana ugomvi wa shamba na nani. Kapila na wenzake, wakisaidiwa na washtakiwa wenyewe, ndio waliomweleza maana ya jibu ambalo Mwingereza angeliacha lipite.

Suala la lugha lilizua mgogoro wake. Mkalimani wa mahakama alikuwa Louis Leakey, mtafiti maarufu wa mambo ya kale aliyekulia miongoni mwa Wakikuyu, ambaye pia alikuwa amejihusisha na upande wa serikali katika vita dhidi ya Mau Mau. Upande wa utetezi ulipinga, ukiona kwamba haiwezekani mtu mwenye upande awe ndiye kinywa cha mahakama. Hatimaye Leakey aliiacha kazi hiyo.

Kabla mwezi Desemba haujaisha, Pritt mwenyewe aligeuka mshtakiwa. Alikuwa amepeleka simu ya maandishi kwa wabunge wa Labour London, akilalamika kwamba mazingira ya kesi yalikuwa sawa na kuwanyima washtakiwa haki. Serikali ikamfungulia shitaka la kuidharau mahakama. Kesi ya Kapenguria ikasimama, na wakili akaenda Nairobi kujitetea mbele ya Mahakama Kuu. Aliachiwa huru, akarudi Kapenguria kuendelea na kazi.

Pritt alipoomba washtakiwa waachiwe kwa kuwa ushahidi haukuthibitisha lolote, Thacker alikataa. Kenyatta akapanda kizimbani kutoa utetezi wake, akihojiwa kwa siku kadhaa. Utetezi ulikumbusha kuwa Agosti 1952 huko Kiambu, mbele ya maelfu ya watu, Kenyatta aliilaani Mau Mau hadharani. Hakimu hakushawishika.

Aprili 8, 1953, takriban miezi mitano tangu kesi ifunguliwe, Thacker aliwatia hatiani wote sita na kuwapa adhabu ya juu kabisa iliyoruhusiwa na sheria: kifungo cha miaka saba na kazi ngumu. Katika hukumu yake alieleza wazi kuwa alimwamini Rawson Macharia.

Rufaa na ukweli uliochelewa

Utetezi haukuishia hapo. Julai 1953 Mahakama Kuu ya Kenya ilikubaliana na hoja ambayo huonekana ndogo kwa asiye mwanasheria: Thacker alikuwa ameteuliwa kuwa hakimu wa jimbo jingine, si lile lenye Kapenguria, hivyo hakuwa na mamlaka. Kwa muda mfupi ilionekana kuwa kesi yote imeporomoka. Serikali ikakimbilia Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki, ambayo ilibatilisha uamuzi huo.

Mwanzoni mwa mwaka 1954 rufaa zilitupwa, isipokuwa ya Achieng Oneko, ambaye hatia yake ilifutwa. Hata hivyo hakwenda nyumbani; serikali ilimweka kizuizini kwa sheria za hali ya hatari. Baraza la Faragha la London, ambalo Pritt alilifahamu kuliko mahakama yoyote, lilikataa hata kusikiliza rufaa ya waliobaki.

Ukweli ulijitokeza mwaka 1958, wakati Rawson Macharia alipoapa hati akisema kwamba ushahidi wake Kapenguria ulikuwa wa uongo. Alieleza kuwa serikali ilimwahidi safari ya Uingereza, masomo ya chuo kikuu, matunzo ya familia yake na kazi akirejea. Serikali ilimshtaki, si kwa uongo wa Kapenguria, bali kwa kuapa hati hiyo mpya, na akafungwa. Lakini habari za ahadi hizo zilikuwa tayari zimetoka hadharani, na wengi hawakuhitaji ushahidi zaidi.

Kwa kipimo cha hukumu, Pritt alishindwa. Kwa kipimo cha kumbukumbu, alishinda. Kila swali lake liliandikwa katika jalada la kesi, na mwaka 1955 mwandishi Montagu Slater alilitumia jalada hilo kuandika kitabu kuhusu kesi hiyo. Laiti Kenyatta angehukumiwa bila wakili, kama walivyohukumiwa wale 16 wa Moscow, serikali ingebaki na simulizi yake peke yake.

Singapore, kisha Dar es Salaam

Mwaka 1954 Pritt alikuwa Singapore, ambako wanafunzi wanane wa chuo kikuu walishtakiwa kwa uchochezi kutokana na makala katika jarida lao, Fajar. Wakili wa hapo aliyemsaidia alikuwa kijana mmoja aliyehitimu Cambridge, Lee Kuan Yew. Wanafunzi hao waliachiwa huru, na jina la Lee likaanza kuvuma. Miaka mitano baadaye alikuwa Waziri Mkuu.

Ndipo ikafika zamu ya Tanganyika. Mwezi Mei 1958, jarida la Sauti ya TANU lilichapisha makala iliyowashutumu wakuu wa wilaya wawili kwa kutumia vibaya madaraka yao dhidi ya wanachama wa TANU. Nyerere, aliyekuwa mhariri wa jarida hilo, akashtakiwa kwa kashfa.

Wakati ulikuwa mgumu. TANU ilikuwa ikijiandaa kwa uchaguzi wa kwanza, ambao ungeanza Septemba mwaka huo. Gavana Twining alikuwa ameondoka na Gavana mpya, Sir Richard Turnbull, alikuwa ndiyo kwanza anawasili. Kama Nyerere angefungwa, hakuna aliyejua wananchi wangefanya nini, na kama wangefanya fujo, serikali ingepata sababu ya kukifuta chama.

Kwa mara nyingine utetezi ulijengwa na mikono ya pande mbili. Pritt aliongoza, akiwa pamoja na mawakili wawili wa hapa nchini: Mahmud Rattansey, aliyekuwa na ofisi Tabora, na K. L. Jhaveri wa Dar es Salaam. Wote wawili walikuwa Waasia waliojiunga na harakati za uhuru wakati ambapo kufanya hivyo kungeweza kuwagharimu wateja na marafiki. Wote wawili baadaye waliingia katika Baraza la Kutunga Sheria.

Nyerere hakukana kuhusika na makala hiyo. Alibeba jukumu lake mwenyewe, na utetezi ukajikita katika kuonyesha kwamba malalamiko ya wananchi dhidi ya maofisa hao yalikuwa na msingi. Serikali ilijikuta maofisa wake wakihojiwa hadharani kuhusu mambo waliyozoea kuyafanya bila kuulizwa.

Agosti 11, 1958 hakimu alimtia Nyerere hatiani na kumpa nafasi ya kuchagua: faini ya pauni 150, sawa na shilingi 3,000, au kifungo cha miezi sita. Wapo waliotaka aende jela ili awe shujaa kama viongozi wengine wa makoloni. Nyerere alichagua kulipa. Uchaguzi ulikuwa mlangoni, na chama kilimhitaji nje kuliko kilivyomhitaji ndani. Wananchi walichangia fedha hizo.

TANU ikaenda katika uchaguzi ikiwa na kiongozi wake, ikashinda kwa kishindo, na Desemba 9, 1961 Tanganyika ikawa huru bila kumwagika damu. Kesi hiyo sasa hutajwa kwa sentensi moja au mbili katika vitabu vya historia. Lakini ingekwenda vinginevyo, pengine sentensi hizo zingekuwa nyingi, na za huzuni.

Siku za mwisho

Wateja wa Pritt walipoanza kuingia Ikulu, yeye alikuwa ameingia uzeeni. Aliandika kumbukumbu zake katika vitabu vitatu, vilivyotoka mwaka 1965 na 1966. Mwaka 1965 alikwenda Ghana kufundisha sheria katika Chuo Kikuu cha Ghana, na muda mfupi baada ya Rais Kwame Nkrumah kupinduliwa Februari 1966, kazi hiyo ikafikia mwisho.

Alifariki dunia Mei 23, 1972 nyumbani kwake Hampshire, kusini mwa Uingereza, akiwa na umri wa miaka 84. Wakati huo Kenyatta alikuwa Rais wa Kenya, Nyerere Rais wa Tanzania na Lee Kuan Yew Waziri Mkuu wa Singapore. Ho Chi Minh alikuwa amefariki miaka mitatu kabla, akiwa Rais wa Vietnam Kaskazini. Ni mawakili wachache duniani ambao orodha ya wateja na wasaidizi wao inaweza kusomwa kama orodha ya wakuu wa nchi.

Hata hivyo, haingekuwa haki kumaliza habari zake bila kuwakumbuka wale ambao hawakuwa na Pritt. Katika miaka ya hali ya hatari nchini Kenya, zaidi ya watu 1,000 walinyongwa baada ya kesi ambazo nyingi zilikwisha kwa siku chache. Hao hawakuwa na wakili kutoka London. Waliokuwa nao ni mawakili wachache wa Kiasia na Argwings-Kodhek, aliyewatetea washukiwa wengi wa Mau Mau kiasi cha kuchukiwa na serikali. Naye pia ana barabara yake Nairobi, isiyo mbali na ile ya Pritt.

Sheria zimebadilika tangu wakati huo. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Ibara ya 50, inampa mshtakiwa haki ya kujichagulia wakili, na kupewa wakili na serikali pale ambapo kukosa wakili kutaleta dhuluma kubwa. Tanzania ilitunga Sheria ya Msaada wa Kisheria mwaka 2017. Lakini haki iliyoandikwa ni jambo moja, na mtu wa kuisimamia saa ya kwanza baada ya kukamatwa ni jambo jingine.

Kapenguria, chumba walimofungiwa Kenyatta na wenzake sasa ni sehemu ya makumbusho, na watoto wa shule hupelekwa kuona mahali walipolala washtakiwa sita. Mawakili waliosafiri kila asubuhi kutoka Kitale hawakuacha chumba cha kuonyeshwa. Kilichobaki cha kazi yao ni maswali waliyouliza, yaliyoandikwa katika jalada la kesi waliyoshindwa.